Pampu Iliyokuwa Ikihema

Tulimzika Mzee Budeba mwezi uliopita kijijini kwake Didia, pembeni ya shamba ambalo mwaka huu halikupandwa kitu. Ardhi ilikuwa ngumu, na vijana waliochimba kaburi walipokezana sururu tangu asubuhi. Mtoto wake mkubwa aliniomba niseme neno kwa niaba ya mafundi. Nilisimama, nikasema marehemu alikuwa mtu wa kazi na mtu wa watu, nikaketi. Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa kama wanavyomwitikia kila anayesema hivyo. Nilikuwa nimechoka kwa safari, na miaka hii uchovu haunitoki hata nikilala, lakini si huo ulionifunga mdomo. Nilichotaka kusema kingenilazimu kwanza nieleze habari ya pampu moja kule Segese, na waya mmoja, na watoto wawili; na jua lilikuwa kali, na watu walikuwa wanasubiri chakula. Basi nayaandika hapa.

Ulikuwa mwaka uliofuata zile mvua za elinino. Barabara zilikuwa hazijapona bado, na kila lori lililoingia Shinyanga lilikuwa na kitu kilicholegea. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, nafanya kazi katika karakana ya Mzee Jayanti, nyuma ya duka lake la vifaa vya umeme. Wazazi hawakuwepo tena, na hilo sitaliongezea maneno. Tulikuwa watatu, mimi na wadogo zangu mapacha, Kulwa na Doto, wasichana wa darasa la tano. Tulikaa uani hapo hapo kwa Mzee Jayanti, katika chumba kilichokuwa stoo ya mabomba na ambacho kilinuka grisi hata baada ya kusuguliwa kwa majivu. Ukuta mmoja ulikuwa na rafu za chuma zilizoshikizwa kwa saruji, haziondoki, kwa hiyo sufuria, sare za shule na viatu vyetu vilipangwa juu yake kama bidhaa. Doto alipenda kusimama mbele ya rafu hizo akijifanya mteja, anauliza bei ya sketi ya pacha wake, na Kulwa anamjibu kwamba hiyo imeshalipiwa. Asubuhi nilichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukala na chai isiyo na maziwa. Jioni ilikuwa ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na nilijifunza kuyapika kwa karanga baada ya kuyaunguza mara nyingi. Jumamosi Mama Nilesh, mke wa Mzee Jayanti, alikuja na chapati zake nyembamba na bakuli la dengu, akasimama mlangoni mikono kiunoni mpaka mapacha wamalize. Mimi alinipa za mwisho. Aliniambia mimi nimeshamaliza kukua, sasa ni zamu ya hao.

Wakubwa wa ukoo walikuwa na mawazo yao. Walikutana nyumbani kwa shangazi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa jikoni nikiwachemshia chai, nilisikia kila kitu kupitia mlango usiofunga vizuri. Mjomba wetu wa Ushirombo, katekista, mtu mpole asiyewahi kupandisha sauti, ndiye aliyesema maneno niliyoyabeba mwaka mzima. Alisema, "Mayala ni kijana mwema. Lakini hana kazi, ana kibarua. Kibarua hakilei watoto." Wakakubaliana kwamba baada ya mavuno, kama hali bado ni hiyo, Kulwa aende Ushirombo kwa mjomba na Doto abaki na shangazi. Hakuna aliyesema kuwatenganisha mapacha ni jambo jema. Walisema tu kwamba hakuna nyumba inayoweza kubeba midomo miwili zaidi kwa mpigo. Nikaingia na chai, nikawagawia wote, na mjomba akanishukuru, akanisifu kwamba nimeitia tangawizi.

Ndipo ikaja kazi ya Segese. Kampuni moja iliyokuwa ikitafuta dhahabu kule ilikuwa imejenga mtambo mdogo wa majaribio. Mawe yaliyosagwa yalichanganywa na maji yakawa uji mzito, na pampu ikausukuma uji huo kupita kwenye matangi kadhaa, ili waone dhahabu inatoka kiasi gani. Mzee Jayanti alipewa zabuni ya kufunga umeme wa mtambo, akamtuma Mzee Budeba, fundi wake mkuu, naye Mzee Budeba akasema haendi bila mimi; mapacha nikawaacha kwa Mama Nilesh. Mkuu wa kambi alituambia siku ya kwanza, bila kuzunguka, kwamba wenye kampuni wanakuja kuukagua mtambo kabla ya masika. Wakiukuta unaendesha majaribio yanayoaminika, utabaki, na atahitaji fundi umeme msaidizi wa kudumu, mwenye barua ya ajira na nyumba ya vyumba viwili pale senta. Mzee Budeba alininyooshea kidole kifuani, akasema msaidizi mwenyewe ndiye huyu. Wakiukuta haufai, unafungwa na kupakiwa kwenye malori, na kila mtu anarudi alikotoka.

Mtambo ukawashwa, na pampu ikaanza kuhema. Sijui neno lingine. Iliongeza kasi, ikalegea, ikaongeza tena, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Uji ukapita mwingi, kisha mchache, na majibu ya maabara yakawa kila sampuli na hadithi yake. Wapishi na madereva walitutania pale bwaloni tulipokula wali na maharage kwenye mabenchi ya mbao. Mpishi mkuu, Msumbwa mnene kutoka upande wa Bukombe, aliuliza kama pampu ina pumu ili aichemshie majani. Dereva mmoja akajibu kwamba yeye anamfahamu mganga wa vijana wa maduarani, wale wachimbaji wadogo, ila anadai kuku mweusi na mafundi hawa wawili hawana hata yai. Mzee Budeba alicheka pamoja nao. Mimi nilikula nikiangalia sahani.

Msimamizi wa mtambo upande wa umeme alikuwa Injinia Tekla, dada aliyetoka chuo Dar es Salaam miaka michache nyuma, mwembamba, anayevaa koti hata saa saba mchana kwa sababu malaria ilikuwa haijamwacha sawasawa. Alimpa Mzee Budeba shikamoo kila asubuhi, naye alimjibu marahaba kisha akampa mwangaluka ya Kisukuma, na injinia akajifunza kuiitikia. Alitufundisha pampu inavyoamrishwa. Ndani ya kontena lililokuwa ofisi kulikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta kadi. Kadi ilitoa umeme mdogo sana, usioweza kumrusha hata mtoto, uliosafiri kwa nyaya mbili hadi kwenye kabati la pampu. Volti sifuri maana yake simama. Volti kumi maana yake kimbia uwezavyo. Volti tano, nenda nusu. Kwenye kioo cha kompyuta yeye aliandika tano, na nusu ndiyo aliyotaka. Waya mmoja ulipeleka amri, wa pili ukarudisha. Kadi hiyo hiyo ilipokea pia habari kutoka kwenye matangi, kwa hiyo ilikuwa kama mtu anayesema na kusikiliza kwa wakati mmoja.

Tulianza pale ambapo kila fundi huanza, kwa kumtuhumu mgeni. Tuliituhumu kadi. Tulizichomoa nyaya zake, tukaweka mita kwenye skrubu zake, injinia akaandika tano, na mita ikasoma tano, imetulia kama maji ya mtungi. Tukarudisha nyaya, tukaenda kupima kwenye kabati la pampu, na sindano ikaanza kutembea, inapanda, inashuka, haikai. Tukabadilisha nyaya zote mbili, tukazilaza mbali na nyaya kubwa za jenereta. Ikatembea. Injinia akaagiza kadi nyingine Dar, nayo ikaja kwa basi imefungwa kwenye sanduku la viatu. Ikatembea vile vile. Akaandika amri ya kupanda polepole kutoka sifuri hadi kumi na kushuka tena, ili aone ni wapi inapokosea, na pampu ikafuata ngazi zote, kila ngazi inatetemeka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ameshika kichwa. Aliniambia kwamba kosa linalokaa mahali pamoja ni rahisi, linalomwumiza ni hili lisilo na kwao.

Katikati ya hayo dereva wa lori la mafuta alitoka Shinyanga na salamu za Mama Nilesh. Alizisema akiwa amesimama juu ya ngazi ya lori, mbele ya watu, kama mtu anayetoa hesabu ya mapipa. Mjomba hakungoja mavuno. Alikuwa na safari ya kikazi mjini, akaona kuna nafasi kwenye gari la misheni, akamchukua Kulwa na mfuko wake. Doto bado yupo kwa Mama Nilesh, anakula vizuri, ila hasemi. Shangazi amesema atamfuata Doto mwisho wa mwezi. Dereva aliongeza kwamba Mama Nilesh alijaribu kumzuia mjomba kwa chai na vitafunio, akamweka sebuleni kwa muda mrefu akitumaini nitapita, hata mjomba akaanza kusinzia. Nilimshukuru dereva. Nikarudi kwenye kabati la pampu nikalifungua, ingawa hakuna aliyekuwa ameniambia nilifungue.

Nimejiuliza baadaye kwa nini sikuondoka siku ile. Watu wakisimulia ujana wao hupenda kuonyesha walivyokimbia kuelekea wapendwao. Mimi nilibaki na bisibisi mkononi, kwa sababu ningefika Ushirombo nikiwa nani? Kibarua aliyeacha kazi. Mjomba angenikaribisha, angenipa kiti na ugali, na kisha angenisindikiza mpaka barabarani. Njia ya kumfikia Kulwa ilipita ndani ya kabati lile la chuma, na kwa umri ule nililijua hilo vizuri kuliko ninavyojua mambo mengi leo.

Mzee Budeba ndiye aliyesema tuiache kompyuta kando na tujaribu kitu cha kijinga. Alichukua betri tatu kubwa za tochi, akazifunga kwa utepe mkia kwa kichwa, volti nne na nusu, akaziunganisha kwenye kabati mahali pa zile nyaya mbili za amri. Pampu ikaenda. Haikuhema. Ilizunguka kwa sauti moja, na mpishi akatoka jikoni na mwiko kusikiliza. Nilidhani injinia atafurahi, lakini alitembea hadi kontenani na kurudi, kisha akasema jambo ambalo nimelitumia katika kazi zangu zote tangu hapo. Alisema, "Kadi ikiwa peke yake haina kosa. Pampu ikiwa na betri haina kosa. Basi kosa si la yeyote kati yao. Liko pale wanapokutana."

Akachukua mita, akavuta waya mrefu kutoka kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini nyuma ya kontena hadi kwenye fimbo nyingine iliyopigwa ardhini karibu na pampu. Hizo zilikuwa ethi zetu, njia za kuushusha umeme ardhini ukipotea. Kwa akili ya kawaida ardhi ni moja, mita isome sifuri. Haikusoma sifuri. Fimbo ya kontena ilikuwa kwenye changarawe kavu, ya pampu kwenye tope la siku zote, na kati yao kulikuwa na umeme kidogo uliopanda kila pampu ilipozidi kufanya kazi na kila wachomeleaji walipowasha mashine yao. Tukafuata nyaya kwa vidole. Waya wa kurudisha amri ulikuwa umeshikana na ethi ndani ya kompyuta, ndivyo kadi zile zilivyotengenezwa. Na ndani ya kabati la pampu, waya huo huo ulikuwa umefungwa kwenye ethi mara ya pili, kwa waya mfupi wa kijani uliokazwa vizuri sana. Umeme uliopotea ardhini ulikuwa umepata daraja. Ulipita ndani ya waya huo wa kurudisha, ukaiongezea amri na kuipunguzia, na pampu, mtumwa mwaminifu, ikatii kila ilichosikia. Betri za tochi hazikugusa ardhi upande wowote, ndiyo maana zilisema kweli.

Waya wa kijani ulikuwa wa Mzee Budeba. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye jineri, vile viwanda vya kuchambua pamba, na mafundi wa jineri walikuwa na desturi yao: kila chuma na kila waya usio na moto hupelekwa ethi, popote ulipo, bila kuuliza. Nchi yetu ni ya radi, na vumbi la pamba hunasa kila mahali, likingoja cheche. Injinia alipomwomba aufungue, alikataa. Hakukasirika. Alisema tu hapana, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Ndipo akaeleza, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kisukuma, habari ya Nkwabi, rafiki yake, aliyekuwa akisafisha mashine ya kuchambulia pamba ambayo mkaguzi mmoja alikuwa ameiondolea waya wa ethi siku chache nyuma. Mkaguzi alisoma mchoro, akasema waya huo hauna kazi. Nkwabi aliishika mashine kwa kiganja, na kiganja kikajifunga, hakikuachia. Mzee Budeba alisema, "Mama, nakuheshimu. Lakini yule mkaguzi naye alikuwa mtu wa vitabu, na alisema hivyo hivyo."

Injinia Tekla alikaa chini kwenye saruji, akawa chini yake. Hakumletea mchoro. Alimwambia kwamba ethi ya kabati lenyewe, ule waya mnene unaomlinda mtu, hautaguswa, utabaki ulivyo, na kwamba yeye mwenyewe asingeruhusu mtu aukaribie. Kinachofunguliwa ni ule mfupi tu ulioshika waya wa amri, na huo haujawahi kumlinda mtu yeyote. Alimwomba aupime mwenyewe waya mnene, kutoka mlango wa kabati hadi kwenye fimbo, kwa mita yake mwenyewe. Mzee akapima. Akapima tena kwa kuukwaruza mlango rangi, apate chuma kitupu. Kisha akaniangalia mimi kwa muda. Alijua kuhusu Kulwa. Kambi nzima ilijua. Sikumwomba kitu. Nilikuwa nimelelewa kutomharakisha mtu mzima.

"Fungua, ng'wana wane," akasema. Mwanangu.

Nikaufungua. Injinia akaenda kontenani kuandika tano. Sasa, kwa mafundi wa jineri, aliyefungua mashine ndiye anayeigusa kwanza ikiwashwa, kwa mgongo wa mkono, ili kama kuna moto misuli imrushe nyuma badala ya kumfunga. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yetu. Pampu ikaanza kuzunguka. Nikageuza mkono, nikasogea. Mzee Budeba akanishika kwa bega, si kwa nguvu, akanipitisha nyuma yake kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

"Wewe una watoto," alisema.

Yeye alikuwa nao saba. Akaweka mgongo wa mkono wake kwenye kabati na kuuacha pale, macho kayafumba. Hakuna kilichotokea. Pampu iliendelea kwa sauti moja, na sindano ya mita niliyoishika ilisimama kwenye tano haijongei. Aliutoa mkono, akaufuta kwenye suruali, akauliza kama chai imebaki.

Hilo ndilo nililoshindwa kusema Didia. Nimekutana na watu wengi walionisaidia kwa walivyonavyo. Yule alisaidia kwa kitu ambacho aliamini, kwa dakika ile, kwamba huenda hatakuwa nacho tena. Hakuliongelea kamwe. Alirudi Shinyanga baada ya wenye kampuni kukagua na kuridhika, akasema mashine za siku hizi zinamchosha, zina maneno mengi, akaendelea kufunga umeme wa nyumba za watu mpaka macho yalipokataa. Injinia Tekla alihamishwa mwaka uliofuata. Na mimi niliamka alfajiri miaka mingi kuusikiliza mtambo ule, halafu mkubwa uliojengwa baada yake, mpaka nikafika kuwa huyu mtu wa makamo anayeshindwa kupanda ngazi bila kusimama njiani. Kazi haikuwa tamu. Ilikuwa kazi.

Barua ya ajira iliposainiwa nilimfuata kwanza Doto, kabla shangazi hajafika, nikamweka Segese kwa mpishi yule Msumbwa na mkewe. Kisha nikaenda Ushirombo juu ya lori la mahindi. Mjomba alinipokea vizuri, kama nilivyojua. Nyumba ilikuwa safi, ukutani msalaba na kalenda, na aliyenawisha mikono yangu kwa birika la maji ya vuguvugu alikuwa Kulwa. Alipiga goti, akanipa shikamoo, akasema karibu chakula, kwa sauti anayoambiwa mgeni. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa na sare mpya. Nikaanza kula nikifikiri kwamba labda nimekuja kuharibu kitu. Mjomba alisoma barua yangu, akaikunja, akasema shule ya misheni ni nzuri kuliko ile ya Segese, na hilo lilikuwa kweli, na sikubisha. Alisema uamuzi anamwachia mtoto mwenyewe. Tulipogeuka kumwita, hakuwepo sebuleni. Alikuwa uani, ameshaivua sare na kuikunja vizuri juu ya kiti, amevaa gauni lake la zamani lililombana, mfuko begani, anamsubiri kaka yake amalize ugali.

Njiani alilala juu ya magunia kichwa chake pajani kwangu. Segese tulifika jua likiwa linaelekea kuzama. Doto alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani ya chumba cha pili cha nyumba niliyopewa, akichambua mchele. Hakuinuka wala hakusalimia. Alisogea tu kuelekea ukutani, akaacha nafasi, akausukuma ungo ukawa katikati, na Kulwa akakaa akaanza kutoa mawe.